Sindano Moja Haifumi, Mama Mdogo

Mama Mdogo,

Kwa kawaida barua hii ingeanza na kukujulia hali, halafu nikwambie sisi huku wazima, hofu yetu ni kwenu tu. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Ulisema barua isiyojulia hali ni mtu anayeingia ndani bila hodi, tena na viatu vyenye tope. Sasa leo nakujuliaje hali? Basi nitapiga hodi tu. Hodi, Mama Mdogo. Ni mimi Atupele, mtoto wa dada yako uliyemlea kama wa kumzaa, yule aliyefuma sweta lisilo na shingo.

Usicheke kwanza, ngoja niketi. Nimekuja na habari, na ni habari njema, ila mwisho wake sikupi sasa. Wewe mwenyewe hukumpenda mtu anayeanza hadithi kwenye mkia. Binti yako Sekela amesimama nyuma yangu, anasoma kila ninachoandika na kunisahihisha. Nimemwambia barua ni yangu, yake ataandika mwenyewe. Anasema ndiyo, lakini karatasi ni yake. Jamani mnavyofanana kwa ubishi!

Nianze siku tuliyomaliza matanga yako pale Ilomba. Masufuria yalikwenda kwa shangazi, vitenge waligawana kina mama wa kwaya, na lile blanketi la bluu liligombaniwa mpaka mchungaji akakohoa. Mimi nikasema sitaki kitu kingine, nipeni sindano zake za kufumia. Wee! Shangazi akaniangalia. "Atupele? Sindano?" Akaanza kucheka, na nyumba nzima ikafuata, watu machozi yangali mashavuni. Hakuna mtu Ilomba asiyejua habari za sweta langu. Nilikuwa darasa la sita, nikalifuma kwa jasho, nikakuletea kwa mikono miwili. Ukaligeuza. Ukaligeuza tena. Ukauliza kwa upole, "Kichwa kinapita wapi, mwanangu?" Kilikuwa hakipiti popote. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni, kisha ukalitia viazi vya mbegu, ukalitundika jikoni, na tangu hapo kila mgeni alionyeshwa lile gunia la Atupele.

Basi siku ile ya matanga Sekela naye akazitaka sindano hizo hizo. Hatukugombana, maana tulikuwa tumechoka kulia. Tukagawana, yeye moja na mimi moja. Shangazi akatikisa kichwa, akasema neno lako lile lile, "Sindano moja haifumi." Sote tulijua ulikuwa ukilisema kwa ajili ya nani.

Ulilisema mara ya kwanza Sekela aliporudi peke yake Mbeya baada ya harusi. Yeye mpiga chapa wa Shirika letu, tawi la Mbeya. Mumewe, shemeji yangu Yohana, fundi wa magari karakana ya Shirika hilo hilo, lakini Iringa. Wakawa watu wa kuonana Krismasi na Pasaka kama wageni wa kanisa. Sekela akaandika kuomba uhamisho, akajibiwa: "Kumbukumbu zetu hazionyeshi kuwa umeolewa." Ulipoisikia barua ile ulisimama katikati ya jiko, mwiko mkononi. "Hawaonyeshi? Na wale ng'ombe tuliopokea hapa walikuja kufuata nini, majani?" Sekela akatuma cheti cha ndoa. Cheti kikapotea. Akaandika tena, akajibiwa vile vile.

Halafu kifua kikakushika, ukalala. Siku moja ukaniita, sauti imekwisha lakini ubishi haujaisha. Ukasema, "Wewe unayelala na mafaili huko Iringa, mpeleke mwenzio kwa mumewe. Nisimwache mwanangu nusu." Nikaitikia. Ningefanya nini kingine? Ukafa wiki hiyo, katikati ya baridi, na mimi nikarudi Iringa nimebeba sindano moja na ahadi nisiyojua pa kuishikia.

Kwa sababu hukujua, Mama Mdogo, jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa Ofisi ya Utumishi makao makuu, ni kweli, lakini Meneja Mkuu wetu alikuwa na msimamo mmoja asiouyumbisha. Shirika lilikwisha amua kuwapeleka wake waajiriwa walipo waume zao, kila nafasi inapopatikana. Lakini mzee yule alisema, "Hapa sote tunaitana Ndugu, ila uhamisho hautolewi kwa udugu. Utatolewa kwa kumbukumbu." Alikwisha mrudisha karani mmoja kijijini kwao kwa kumpenyezea shemeji yake barua ya uhamisho. Nami nilimheshimu kwa hilo, ndio ubaya wake. Ningechomoa faili la Sekela na kuliweka juu ya mengine, ningekuwa nimemwibia mwanamke mwingine ambaye hana dada Utumishi.

Na kazi yangu unaikumbuka? Ulikuwa unawaambia majirani, "Atupele analipwa kwa kutazama wenzake wakifanya kazi." Si uongo sana. Baada ya ile kozi ya Morogoro walinipa kazi ya kuchunguza taratibu: karatasi ya likizo inatoka wapi, inapita kwa nani, inalala wapi, kwa nini hairudi. Nilikuwa nafuata karatasi moja siku nzima kama mtu anayemfuata kuku kujua anakotagia. Nilichokikuta masjala, yaani chumba chetu cha mafaili, ni kichekesho. Mafaili yamepangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, utaratibu mzuri tu kwa huko ulikotungwa. Lakini wewe wajua watu wa kwetu Rungwe: Mwakitu huyu, Mwaipo yule, Mwambo wa tatu. Droo ya M ilikuwa imejaa mpaka imepinda, na nyingine zote zinapiga miayo. Kilichoingia droo ya M kilikuwa kimekwenda na maji. Cheti cha Sekela kimo humo mpaka leo, nina hakika. Tulikuwa na mzee wa Tunduma aliyekubaliwa likizo yake alipokwisha staafu.

Morogoro mwalimu alituonyesha dawa. Ni kadi ngumu, kila mtumishi na yake, zimezungukwa na matundu pembeni mwote. Kila tundu lina maana yake: hili mwanamke, hili fundi, hili kituo cha Mbeya, hili likizo imefika. Kama jambo linakuhusu, tundu lako linakatwa mpaka ukingoni, likawa pengo. Ukitaka kuwajua watu wa jambo hilo, unazishika kadi zote pamoja, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu lile, unainua. Wasiohusika wananing'inia kwenye sindano. Wanaohusika wanaanguka mezani. Basi! Husomi jina, huulizi kabila, humjui mtoto wa nani. Nilipoiona mara ya kwanza nilipiga kelele darasani, "Mwee! Huku ni kuruka vitanzi!" Wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nakufikiria wewe, mikono yako, na jinsi ulivyonigombeza kila kitanzi kilipodondoka. Kumbe duniani kuna kazi ambayo kitanzi kinatakiwa kidondoke.

Shirika likakubali tujaribu. Kadi zikaja kwa treni mpya mpaka Makambako, kisha kwa lori. Sindano zake hazikuja. Bohari wakasema ziko njiani, na neno "njiani" unalijua, mtu anaweza kuzeeka nalo. Mimi nikafungua mkoba wangu, nikatoa ya kwako. Ilipita kwenye tundu utadhani ilipimwa. Mkuu wa Karakana alipoiona akauliza kama siku hizi Utumishi tunafuma masoksi.

Siku ya kuonyesha ikafika. Meneja Mkuu akakaa mbele, wakuu wa idara ubavuni, kina mama wapiga chapa nyuma na vitabu vyao vya hati mkato. Nje mawingu yamekaa juu ya mji, mvua za kwanza zinanukia. Meneja akafuta miwani yake kwa ncha ya tai, kama desturi yake, akasema, "Nitolee wake wote ambao waume zao wako kituo kingine." Hilo ndilo nililokuwa naomba aulize! Nikapitisha sindano kwenye tundu la wanawake, wakaanguka kwa fujo, nikawakusanya. Nikapitisha tundu la walioolewa. Nikainua.

Hakuanguka hata mmoja. Wote walining'inia pale kama popo.

Nikatikisa. Wapi. Meneja akasogea mbele kwenye kiti chake. "Kwa hiyo Shirika zima hatuna mke wa mtu?" Mkuu wa Karakana, mdomo wake haujui Jumapili, akasema, "Vijana, changamkeni!" Ukumbi ukaanguka kicheko. Meneja naye akacheka kidogo, akaanza kukusanya karatasi zake. "Basi, kama hakuna wa kuhamisha, shauri limekwisha."

Mama Mdogo, nilisimama pale na sindano yako imejaa popo. Nikimtaja Sekela, nimeleta udugu mbele ya mkutano na kadi zote zinatupwa. Nikinyamaza, nimekudanganya kitandani kwako. Ndipo matone ya kwanza yakapiga bati, na mtu nyuma akanong'ona, "Mvua hiyo." Na mimi, kwa mazoea ya utotoni, nikasema moyoni, yale ya juu.

Yale ya juu! Nilikaribia kucheka kwa sauti. Baba mkwe wako alikuwa na jina lililofanana na neno letu la mvua, na mke aliyelelewa hatamki jina la baba mkwe wala chochote kinachokaribiana nalo. Kwa hiyo maisha yako yote, wewe mkazi wa Mbeya inayonyeshewa nusu ya mwaka, hukusema mvua, si kwa Kinyakyusa wala Kiswahili. "Atupele gwe, anua nguo, yale ya juu yanakuja!" Mimi nilidhani ndilo jina lake. Mwalimu wa darasa la kwanza alipouliza mito hupata maji wapi, nilinyoosha kidole mbele ya wote nikajibu, "Kutoka yale ya juu." Nilichekwa mwezi mzima.

Na fomu yetu ya utumishi ilikuwa na mstari mmoja tu wa kumjua aliyeolewa: Jina la mume. Jina la mume, likiandikwa kamili, linabeba na jina la baba yake. Nani aliyekulia kwenye nyumba yenye heshima ataliandika hilo, tena kwa mkono wake? Wameuacha wazi. Karani ameona mstari mtupu, kamhesabu mtu hajaolewa. Na mimi, binti wa Ilomba niliyelelewa na yale ya juu, nimeuona mstari mtupu na tundu nikaliacha bila kukata. Na aliyemfundisha Sekela heshima hiyo mpaka ikamfunga Mbeya ni nani? Ni wewe, bibi harusi wa mvua! Ukahangaika naye, na kamba umeifunga mwenyewe. Sekela hapa nyuma anasema nisikutanie hivyo. Nakutania, nitamtania nani sasa?

Nikasema, "Ndugu Meneja, naomba kuwauliza kina mama swali moja." Akaketi tena. Nikawageukia wapiga chapa. "Mama zangu, sitaki mtu anitajie jina la mtu. Aliye na mume kazini mbali na hapa, anitajie mahali tu."

Yale ya juu yanapiga bati. Halafu Mama Daudi, mkubwa wa wapiga chapa wa Iringa, mama wa Kihehe anayekaa wima kama nguzo ya simu, akasema bila kuinua macho, "Makambako." Mwingine akadakia, "Njombe." Mwingine, "Mbeya." Mwingine, "Njombe tena," na hapo wakacheka wao kwa wao, kicheko cha watu waliokuwa wakiyajua siku zote. Meneja akavaa miwani kuwatazama vizuri. "Lakini kwa nini hamkuandika kwenye fomu?" Mama Daudi akamjibu kwa adabu zote, "Mliuliza jina."

Meneja hakucheka. Akaniambia niende vituo vyote, nikaulize upya, nirudi masika yakiisha. Akaongeza, sindano ikitoka tupu mara ya pili, tunarudi kwenye droo zetu na mimi narudi kwenye taipu nilikoanzia. Nikasema ndiyo, Ndugu Meneja.

Basi masika yote nilikaa juu ya lori la Shirika, katikati ya mipira na magunia ya mbegu. Tumezama tope, tumesukuma, tumeimba. Kila kituo nilikuwa na swali langu jipya: mwenzi wako yuko kituo gani? Mahali tu. Watu walivyojibu, utadhani nimefungua mfereji. Wanaume nao walikuwa na mambo yao. Kwenye fomu za zamani, mahali pa mke, wengi wameandika "Yupo." Yupo! Kama anayejibu mahudhurio ya shule. Kule Tunduma nikamkuta mlinzi ambaye likizo yake imemezwa mara nyingi mpaka ameacha kuomba. Kadi yake ikaanguka kwenye tundu la likizo palepale mbele yake, akapewa. Alipofika kwake mbwa wake mwenyewe akambwekea. Aliniandikia barua kunieleza hayo, na mwisho akamwombea kwa Mungu baraka "mama mwenye sindano." Nikacheka peke yangu ofisini, nikakulilia kidogo, nikacheka tena.

Mbeya nilimhoji Sekela mwenyewe, mezani, kiofisi, bila kumwita mdogo wangu. "Mwenzi wako yuko kituo gani, Ndugu?" Akanijibu kabla sijamaliza. "Iringa, karakana." Halafu akaegemea meza. "Dada, si mngeuliza hivi tangu zamani?" Nilitamani kumrukia shingoni, lakini karani wa tawi alikuwa anatutazama, nikaita anayefuata.

Mara ya pili ukumbi ulijaa zaidi, wengine walikuja kuona nikiaibika. Mkuu wa Karakana aliniletea kabisa kipande cha uzi mwekundu, ati nikikosa watu nifume kofia. Meneja akauliza swali lile lile, neno kwa neno. Nikapitisha sindano. Nikainua, na kadi zikamwagika mezani kama mahindi yanayopukuchuliwa! Kina mama nyuma wakapiga kigelegele ndani ya mkutano wa kiserikali. Meneja alinyoosha mkono kuwatuliza, lakini meno yalikuwa nje.

Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta kadi moja. Mezani haimo. Nikainua macho, nikaiona. Inaning'inia kwenye sindano, upande, pengo lake limebana, maana nilipoikata makasi yalikwenda kombo. Kadi ya Sekela, Mama Mdogo! Mkono wangu ulikwisha nyanyuka kuichomoa. Nani angejua? Lakini kuichomoa kwa mkono ndiyo kazi ile ile ya karani aliyerudishwa kijijini. Mkono ukabaki hewani. Nikakusikia wazi, kama uko jikoni na mimi nimekaa kwenye kigoda, nimevuta uzi mpaka umekwama. "Usivute. Sindano haivutwi, Atupele. Itikise, kitakuja chenyewe."

Nikatikisa. Taratibu, ulivyonifundisha, kwa kiganja si kwa mkono mzima. Ikayumba, ikazunguka, ikateleza. Ikaanguka chini kabisa, karibu na kiatu cha Meneja.

Akainama mwenyewe kuiokota. Akaisoma kwa sauti. "Mpiga chapa, Mbeya. Mume Iringa, karakana. Sisi si tunatafuta mpiga chapa hapa?" Mama Daudi akasema, "Tunamtafuta mpaka vidole vimeisha." Meneja akasema, "Basi tuanze na huyu." Nikaona lazima niseme, vinginevyo ningepasuka. "Ndugu Meneja, huyo ni mdogo wangu. Mtoto wa mama yangu mdogo." Mkuu wa Karakana akaacha kuchezea uzi wake. Meneja akaiangalia kadi, akaniangalia mimi, akaiangalia sindano yako mkononi mwangu.

"Sindano ilijua?"

"Haikujua, Ndugu Meneja."

"Basi kaa chini tuendelee."

Nilikaa. Nilikaa nikalia mbele za watu, wakubwa kwa wadogo, na Mama Daudi akanipa leso yake. Siku hiyo waliitwa wengi, si Sekela peke yake. Mama Daudi mwenyewe alikataa kwenda kokote, akasema mumewe wa Makambako ndiye ahamie Iringa. Akahama.

Sasa naweza kukwambia nilipo. Niko Kihesa, Iringa, kwenye nyumba ya Sekela na mumewe. Walimleta kwa lori la Shirika, na vitu alivyobeba ni kitanda, kuku wako wale wa madoadoa, na lile sweta langu lisilo na shingo, limejaa viazi vya mbegu kutoka Ilomba. Limetundikwa jikoni hapa, ninaliona kutoka nilipokaa. Wageni wa Kihesa nao wanaonyeshwa. Aibu yangu imehama mkoa bila kuombewa uhamisho.

Na kuna mtu mpya. Amezaliwa masika haya yanayoisha, msichana, sauti ya kwaya nzima. Tumempa jina lako, Subilaga, na watu wa mumewe wamelikubali kwa furaha ingawa ulimi wao unajikwaa kidogo. Babu yake alikuja kumwona. Unadhani Sekela alitoka? Alijifungia jikoni, mtoto akapelekwa nje na mimi. Mzee akambeba, akamzungusha, halafu akaita kuelekea mlango wa jiko, "Kamwene, mkwe! Nakusikia unakohoa tu humo ndani. Umenizalia mtu mzuri." Jina lake sitaliandika hapa. Sekela amenikazia macho, na karatasi ni yake.

Lakini kubwa ni hili. Shemeji Yohana ametengeneza sindano ya ofisi kwa spoki ya baiskeli. Ameinyoosha, ameing'arisha, ameitia mshikio wa mti. Nzuri kuliko zile za bohari, ambazo mpaka leo ziko njiani. Nikaona basi, ya kwako imemaliza kazi ya Serikali. Nikaitoa mkobani, Sekela akatoa ya kwake sandukuni, tukaziweka pamoja mezani. Zilikuwa hazijaonana tangu Ilomba.

Nilidhani Sekela atazichukua afume. Baridi inakuja, mtoto hana sweta, na yeye ana mikono yako. Akanisukumia mimi na uzi, ule mwekundu wa Mkuu wa Karakana na mwingine mweupe. "Wewe ndiye mwenye deni la shingo," akasema. Nimefuma majuma kadhaa, nimefumua, nimefuma, nimetukana kwa Kinyakyusa mpaka shemeji akaanza kunielewa. Mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake, najua, usiniambie.

Ninakuahidi mawili, Mama Mdogo. Kazini, sitamuuliza mtu swali ambalo heshima yake haimruhusu kulijibu, halafu nikamwandika hana kitu. Na nyumbani, sindano hizi mbili hazitalala tena nyumba tofauti. Mtoto huyu akifikia umri nitamfundisha kufuma, na wewe huko uliko ufunge macho.

Yale ya juu yananyesha ya mwisho mwisho, bati linaimba. Pumzika vizuri. Ndaga fijo, asante sana kwa yote, kwa malezi, kwa ubishi, kwa kunicheka ulivyonicheka. Nimechelewa kidogo kumaliza barua hii kwa sababu jana jioni tulimvalisha Subilaga sweta lake. Sekela alishika mikono, mimi nikashika kichwa, shemeji akashika taa, na sote tulizuia pumzi.

Kichwa kimepita.

Mwanao,
Atupele